Kujifunza Kutumia Detekta ya Metali Mtwara na Lindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu wa Mtwara au Lindi ambaye amenunua detekta, ameazimwa, au anafikiria kununua, na bado hajui aanzie wapi. Ufundi wa mashine ni uleule popote duniani, lakini ardhi yetu ina chumvi ya bahari, udongo mwekundu, magofu ya kale, mabaki ya vita na mabomba ya gesi, kwa hiyo mwanafunzi wa huku ana mengi ya kujua kuliko yale yaliyomo katika kijitabu cha maelekezo.

Detekta hutambua nini, na haitambui nini?

Ndani ya ile sahani ya chini, ambayo ndiyo koili, mna mizunguko ya waya. Mzunguko mmoja hupitishiwa umeme unaogeuka mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde, na umeme huo huunda uga wa sumaku unaopenya ardhini. Uga ukikuta kitu kinachopitisha umeme, huamsha ndani yake mikondo midogo, na mikondo hiyo nayo hutoa uga wake hafifu ambao mzunguko wa pili wa waya huupokea. Mashine hupima nguvu ya mwitikio huo pamoja na kuchelewa kwake, kisha hutoa mlio na, katika mashine nyingi za sasa, namba kwenye kioo.

Kinachotambuliwa, basi, ni kile kinachopitisha umeme au kinachovutwa na sumaku. Noti, almasi, rubi, vyungu, mbao na mifupa havimo, hata ikiwa ni mifupa ya dinosaria kama ile ambayo Wajerumani waliichimba Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913. Kinywe (grafiti), kwa upande mwingine, ambacho kinapatikana kwa wingi Ruangwa, si metali lakini hupitisha umeme, na jiwe lenye kinywe kingi linaweza kuiliza mashine mpaka mgeni akadhani ametajirika.

Nimeonyeshwa mashine yenye antena ambayo inasemekana huonyesha dhahabu iliyo umbali wa kilomita nzima. Je, ni kweli?

Si kweli. Detekta halisi huona kitu kilicho chini ya koili yake, kwa kina cha sentimita kadhaa, na kitu kikubwa sana kwa mita moja au zaidi kidogo. Mashine za antena zinazozunguka mkononi hazina kipimo chochote ndani yake, na antena husogea kwa sababu mkono wa anayeishika unasogea.

Mfano unaojulikana ni ule wa kifaa kilichoitwa ADE 651, kilichouzwa kwa nchi kadhaa, Irak ikiwa mbele, kwa madai kwamba kinatambua mabomu na vitu vingine kutoka mbali. Uchunguzi ulionyesha kwamba hakikuwa na uwezo wowote wa kutambua chochote, na mwaka 2013 muuzaji wake, James McCormick, alihukumiwa Uingereza kifungo cha miaka 10. Anayekuletea mashine ya aina hiyo mwambie akupe mgongo, wewe ufukie sarafu moja katika uwanja wako, kisha aitafute. Huwa hawakubali.

Ninunue detekta ya aina gani kwa kuanzia?

Kwa anayeanza, mashine ya kawaida ya masafa ya chini, yaani ambayo umeme wake hugeuka mwelekeo mara chache zaidi kwa sekunde, inatosha. Ina uchujaji, yaani uwezo wa kutenganisha chuma na metali nyingine, haina uzito wa kuchosha, na hutumia betri au chaji ya kawaida. Ukiwa unaishi karibu na bahari, hakikisha kwamba ina hali maalumu ya ufukweni, au kwamba hutumia masafa mengi kwa wakati mmoja, kwa sababu mashine ya masafa mamoja husumbuka sana kwenye mchanga uliolowa maji ya chumvi.

Zipo pia mashine za mapigo, ambazo kwenye maboksi huandikwa PI. Hizi hutuma umeme kwa mapigo mafupi na kusikiliza jinsi mwitikio unavyofifia, na kwa sababu hiyo hazibabaishwi sana na chumvi wala udongo wenye madini ya chuma. Udhaifu wake ni kwamba nyingi hazitofautishi vizuri msumari na pete, nawe utachimba kila kitu. Mchimbaji wa dhahabu anaweza kukubali adhabu hiyo, lakini kumpa mwanafunzi mashine hiyo ni kumkatisha tamaa mapema.

Kuhusu koili, ya ukubwa wa kati inafaa. Koili kubwa hufika chini zaidi lakini huchanganya vitu viwili vilivyokaribiana, na ndogo hufanya vizuri penye takataka nyingi.

Nianze mazoezi wapi?

Anza uani kwako. Tafuta kipande cha ardhi kisicho na vyuma, fukia vitu unavyovijua kwa kina tofauti, sentimita 5, 10 na 15, na uweke alama ya kijiti kwa kila kimoja. Tumia msumari, kizibo cha soda, kishikio cha kopo la soda, kipande cha waya wa shaba, pete na sarafu. Pita juu yake mara nyingi, ukiangalia namba na kusikiliza mlio, kisha ng'oa vijiti na ujaribu kusema kilichomo kwa sauti pekee. Mtu anayefanya zoezi hili kwa jioni chache huokoa miezi ya kuchimba ovyo.

Weka na sarafu ya shilingi 500 katika mazoezi hayo. Sarafu hiyo, iliyotolewa mwaka 2014, ni ya chuma kilichopakwa nikeli na hushikwa na sumaku, kwa hiyo mashine inaweza kuiona kama chuma au kuyumba kati ya namba mbili. Sarafu za zamani za aloi ya shaba, kama senti 20 yenye picha ya mbuni, hutoa mlio safi usioyumba. Ukizilinganisha hizo mbili utaelewa uchujaji kuliko kwa kusoma kurasa kumi.

Koili inapaswa kuchezeshwaje?

Iwe sambamba na ardhi, sentimita 2 au 3 juu yake, kutoka mwanzo wa mzunguko wa mkono hadi mwisho. Wanaoanza huinua mkono mwishoni mwa kila mzunguko, kama wanaofyeka nyasi, na pale inapoinuka hakuna kinachoonekana. Tembea polepole, na kila mzunguko ukanyage nusu ya uliotangulia, kwa sababu uga wa koili nyingi hupungua upana kadiri unavyokwenda chini. Ukisikia mlio, pitisha tena kwa mwelekeo mwingine unaokata wa kwanza. Mlio unaorudi uleule kwa pande zote mbili unastahili kuchimbwa, na unaosikika upande mmoja tu mara nyingi ni msumari au udongo wenyewe.

Kwa nini mashine hulia ovyo nikifika ufukweni?

Maji ya chumvi hupitisha umeme, na mchanga uliolowa maji hayo huonekana kwa mashine kama karatasi pana ya foili iliyotandazwa chini. Kwenye mchanga mkavu wa juu, pale Shangani kwa mfano, mashine hutulia. Ukishuka pale mawimbi yanapofika, huanza kupiga kelele. Wengine hukimbilia kupunguza usikivu mpaka mwisho, na hapo wamebaki na fimbo. Chagua kwanza hali ya ufukweni, sawazisha mashine na mchanga uleule uliolowa (namna yake iko katika jibu linalofuata), kisha punguza usikivu kidogo kidogo mpaka kelele ziwe za kuvumilika. Tembea sambamba na mstari wa maji. Ukikata kutoka mchanga mkavu hadi uliolowa, mashine italazimika kuzoea ardhi mpya kila hatua.

Kuna gharama yake. Mwitikio wa chumvi hukaa jirani sana na ule wa dhahabu nyembamba, na mashine ikiyanyamazisha maji, hunyamazisha pia hereni ndogo na mkufu mwembamba. Mkufu ni mgumu zaidi kwa sababu mashine huona kila kipingili peke yake, na mara nyingi kinachosikika ni kile kifungio cha shingoni tu. Aliyepoteza mkufu aelezwe hivyo mapema.

Wakati mzuri ni bamvua, siku za mwezi mpya na mwezi mpevu na moja mbili zinazofuata, ambapo katika pwani yetu maji hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kuacha wazi eneo ambalo siku za maji mafu huwa limefunikwa. Wavuvi na akina mama wanaookota chaza wanazijua saa hizo kuliko jedwali lolote, nao pia ndio wenye kujua mkondo unaorudi kwa kasi uko wapi. Fuata maji yanaposhuka na ugeuke yanapogeuka.

Msimbati na maeneo yanayoizunguka yako ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kwa hiyo omba ruhusa ya hifadhi kwanza. Kasa hutaga katika fukwe hizo, na shimo lililochimbwa bila uangalifu linaweza kuharibu kiota.

Na udongo mwekundu wa bara?

Wekundu huo ni oksidi za chuma, na mashine isiyosawazishwa itausikia udongo wenyewe. Mashine nyingi zina namna ya kusawazisha udongo: unashusha na kuinua koili mahali pasipo na metali huku umebonyeza kitufe, mpaka mlio usibadilike. Rudia kila udongo unapobadilika rangi. Kutoka mchanga wa Mikindani kupanda nyanda za Makonde hadi Newala, utalazimika kusawazisha upya.

Namba kwenye kioo zina maana gani?

Kwenye mashine nyingi namba hutoka 0 hadi 99. Chuma huwa chini kabisa, kikifuatwa na foili na dhahabu nyembamba, kisha vishikio vya makopo na pete nene za dhahabu, na juu kabisa shaba na fedha. Jambo la kutazama ni lile la katikati. Dhahabu na takataka za alumini hukaa chumba kimoja, na hakuna mashine inayozitenganisha kwa uhakika. Ukizima namba za vishikio vya makopo ili upumzike, umezima na pete za ndoa.

Kizibo cha soda nacho kina hila yake. Ni chuma, lakini umbo lake bapa la mviringo huidanganya mashine, nayo hutoa namba nzuri ya juu. Ukikisia ni kizibo, sogeza koili mpaka kitu kiwe chini ya ukingo wake tu. Sarafu itafifia kwa sauti ileile, ilhali kizibo aghalabu hukwaruza na kuanguka kwenye mlio wa chuma. Sikio huwa limeshajua kabla ya kioo, na kwa sababu hiyo hedifoni ni kifaa cha lazima, hasa penye upepo wa kusi.

Inafika kina gani?

Sarafu moja, katika udongo mzuri, sentimita 15 hadi 25 kwa mashine za kawaida. Anayeahidi mita tatu kwa sarafu anauza maneno.

Nikichimba, nichimbe vipi?

Kwanza tafuta kitovu cha mlio, kwa kupitisha koili kwa umbo la msalaba au kwa kutumia kitufe cha kulenga. Kata pande la udongo pande tatu, liinue kama kifuniko, pitisha koili juu ya pande na juu ya shimo ujue kitu kiko wapi, kisha toa na urudishe udongo ulivyokuwa. Ufukweni tumia koleo na chekeche, na ufukie hata kama maji yatafukia, kwa sababu kuna watoto wanaokimbia pale kabla maji hayajafika.

Shambani omba ruhusa kwa mwenye shamba, na kwenye ardhi ya kijiji anza kwa mtendaji au mwenyekiti. Mkorosho una mizizi inayotambaa juu juu, na mkulima akiona umeikata hatakusikiliza tena. Utakachokipata shambani zaidi ni kipande cha jembe kilichochakaa, waya na betri za redio. Pelekeni takataka hizo nje ya shamba, si pembeni ya shimo. Makaburini usipite kabisa, hata kama kaburi halina jina na ukoo umehama.

Usichimbe pia kwenye njia ya bomba la gesi linalotoka Madimba kwenda Dar es Salaam, wala karibu na alama za kebo za umeme. Bomba litakupa mlio mkubwa mno, na huo si wa kufuatilia.

Je, naruhusiwa kutafuta sarafu Kilwa, Songo Mnara au Mikindani?

Kwenye magofu hapana, isipokuwa una kibali cha uchimbaji kinachotolewa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Sheria hiyo inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na anayekutana na kitu cha namna hiyo, hata kwa bahati wakati analima, anatakiwa kutoa taarifa kwa mamlaka. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zimo pia katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981.

Wengi huona ni ukali tu wa serikali, kwa hiyo sababu inafaa kuelezwa. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao za shaba kwa karne kadhaa. Moja yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman imepatikana Great Zimbabwe, na mwaka 1944 nyingine za Kilwa ziliokotwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Ile ya Zimbabwe, kwa kuwa inajulikana ilipotoka, ni ushahidi wa biashara ya dhahabu kati ya bara na Kilwa. Ingekuwa imeng'olewa usiku na kuuzwa kwa mtalii, ingebaki kipande cha shaba kilicholika, na hata bei yake si ya kumjengea mtu nyumba. Tabaka la udongo, kigae kilicholala pembeni na mkaa uliopo chini yake ndivyo vinavyompa mtafiti tarehe, na sururu ya dakika kumi huviondoa vyote.

Inasemekana Wajerumani walifukia mali nyingi huku kusini. Detekta inaweza kuzipata?

Swali hili huulizwa kuliko yote, na wanaoliuliza mara nyingi wameshatoa pesa kwa dalali mwenye ramani. Tazameni historia yenyewe. Rupia za fedha zilianza kutolewa mwaka 1890, na kuanzia mwaka 1904 rupia moja ilikuwa heli 100 za shaba nyeusi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofunga njia ya meli, sarafu zilipungua mno hata Wajerumani wakachapa noti za dharura hapahapa nchini, na sarafu maarufu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo, ilipigwa Tabora mwaka 1916. Baada ya mapigano ya Mahiwa ya tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, lilirudi nyuma likiacha wagonjwa na majeruhi, na mwezi uliofuata likavuka Ruvuma kutafuta chakula na risasi upande wa Wareno. Watu waliokuwa wakihesabu risasi hawakuwa na wapagazi wa kubeba masanduku ya dhahabu.

Kinachopatikana kweli ni heli moja moja iliyodondoka njiani au sokoni, na senti zenye tundu za enzi ya Mwingereza. Ni vitu vya kupendeza, na thamani yake mara nyingi ni ya kumbukumbu. Kuhusu zebaki nyekundu inayodaiwa kuwemo ndani ya vitu vya Mjerumani, hakuna kitu kama hicho.

Nachingwea mlio mwingi mkubwa utatokana na mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947, na njia ya reli iliyojengwa kwa ajili yake na kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Boliti, pini za mataruma na vipande vya matrekta huwasisimua sana wanaoanza.

Nikipata risasi au kitu kinachofanana na bomu?

Ganda tupu la risasi ni shaba nyeupe na hutoa mlio mzuri, na maeneo ya Nyangao na Mahiwa hayakosi. Lakini ukiona risasi yenye kichwa chake, au kitu cha mviringo kirefu chenye kutu na mkanda wa shaba kiunoni, simamisha kazi. Usikigonge, usikisafishe, usikiinue hata kukipiga picha vizuri. Weka alama mbali kidogo, waondoe watoto, rudi kwa njia uliyojia na utoe taarifa polisi. Umri haupunguzi hatari, kwa maana baruti ya zamani huweza kuwa nyepesi kulipuka kuliko mpya.

Detekta yako haikutengenezwa kutafutia mabomu. Haitofautishi bomu na kopo, na ndiyo sababu shirika la APOPO pale Morogoro hufundisha panya kunusa baruti yenyewe, wakapita juu ya vyuma chakavu bila kujali.

Naweza kuitumia kutafuta dhahabu Nachingwea au Ruangwa?

Mashine inaweza, ikiwa ni ya masafa ya juu kidogo au ya mapigo, na ikiwa dhahabu ni punje, kwa sababu vumbi la dhahabu lililochanganyika na mwamba haliliizi detekta yoyote. Sheria ndiyo ya kwanza. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010 madini yote ni mali ya Jamhuri ya Muungano, na utafutaji wake unahitaji leseni. Ndani ya eneo lenye leseni ya mtu mwingine, zungumza naye na muandikiane. Ofisi ya Tume ya Madini ndiyo inayojua eneo lipi ni la nani.

Jirani amepoteza pete. Nimsaidieje?

Hii ndiyo kazi ambayo detekta huifanya vizuri kuliko zote. Mwombe aliyepoteza asimame pale alipokuwa na aonyeshe alichokuwa akifanya, alikuwa anakung'uta kanga au anarusha mpira, kwa maana pete iliyoteleza mkononi wakati wa kurusha huenda hatua kadhaa mbele yake. Zuia watu kukanyaga na kuchimbua mchanga kwa mikono, jambo ambalo huishusha pete zaidi. Funga kamba kati ya vijiti viwili, pita kando yake, kisha sogeza kamba upana wa nusu koili, mpaka eneo lote liishe. Zima uchujaji wote na chimba kila mlio wa katikati. Ikiwa ni ufukweni, fika kabla maji hayajarudi. Na malipo, kama yapo, yasemwe kabla koili haijagusa mchanga.